Mapacha Wangu wa Chupani

Ikiwa gazeti la wiki jana lilifungiwa mandazi kabla hujanifikia, pole. Nakupakulia kijiko kimoja cha yaliyopita, halafu tuendelee na mateso yangu.

Mimi ni Timothy Shivachi wa Kawangware. Kidato cha nne nilimaliza na gredi ambayo mama huitaja kwa kunong'ona, kwa hivyo nikapata kazi ya mdomo. Nilikuwa nasimama nyuma ya pikapu yenye spika nikitangaza Fahali Tonik. Hilo neno tonik lisikudanganye. Ni pombe. Ukimaliza chupa tatu unaanza kuamkua nguzo za stima.

Siku moja mwezi Januari, Lazarus, mwenye Fahali, akanisimamisha pale sokoni Kawangware nitoe ushuhuda, kama wa kanisani. Nikatoa. Niliambia umati kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa gogo kitandani, mgongo unauma, figo zinalia, mke amerudi kwao. Nikaonja Fahali. Mke akarudi mbio, na mwaka haukuisha kabla hajanizalia mapacha.

Watu walipiga vigelegele. Mzee mmoja alinunua kreti nzima, akaondoka nayo begani kwa mwendo wa mtu aliyeitwa nyumbani.

Ukweli? Sina mke. Mapacha waliopigwa picha mikononi mwangu ni wa Sella, jirani yangu wa kuuza sukuma wiki, na tuliwaazima nusu saa. Ile picha ikageuka bango kubwa kama nyumba. Moja likatundikwa Kawangware. La pili, bila mimi kuambiwa, likatundikwa Kibera, njia ya kuingia Kianda. Na Kianda ndiko kwa kina Adhis, msichana ninayetaka kumuoa.

Tuliachia pale Jumamosi, saa nane mchana. Mimi niko mlangoni kwa mzee Ogola, babake Adhis, nimebeba sukari, majani chai na mikate miwili, nimekuja kujitambulisha rasmi. Na Rosebella, shangazi yake Adhis, ameulaza ufagio katikati ya mlango.

"Simama hapo hapo, wuon rude," alisema.

Kijaluo changu ni cha kununulia samaki tu, lakini hilo nililielewa. Baba mapacha.

"Auntie, hapa kuna makosa."

"Makosa ni wewe kukanyaga hapa hivi hivi. Baba mapacha haingii kwa wakwe kabla hajaimbiwa. Unataka kutuletea mkosi?"

Sikucheka. Hata kwetu Waluhya mapacha si mchezo. Nyanyangu alikuwa hakubali mzazi wa mapacha achungulie zizi lenye ndama.

"Lakini auntie, wale mapacha si wangu. Ni tangazo tu."

"Umewakana?" Rosebella aligeukia ploti nzima, wapangaji wote. "Jameni, amewakana! Mchana kweupe! Nimewaona hapo barabarani na macho yangu, amewakumbatia kama matikiti, sasa ati tangazo!"

Adhis alichungulia dirishani. Uso wake ulisema kitu kimoja: fanya chochote, ingia tu.

Ndipo nikafanya kosa. Nikauliza, "Kwani huko kuimbiwa kunachukua muda gani?"

"Dakika kumi," Rosebella akasema, ameshalegea. "Wanawake wanakutukana kwa wimbo, wewe unanyamaza, mambo yanaisha. Ni matusi tu. Hayatoboi."

Nikahesabu. Dakika kumi za matusi, halafu chai na Adhis. Mimi hutukanwa na makanga wa matatu kila asubuhi na sipewi hata chai.

"Sawa. Niimbieni."

Sijui walitoka wapi. Nilidhani ni watatu waliokuwa wakifua, kumbe ploti ilikuwa na akiba. Walinizunguka wakipiga makofi.

"Tazama miguu! Vijiti vya kukorogea uji!"

"Na masikio! Hayo mawili yanaezeka choo na mabati yanabaki!"

"Watoto walikuja wawili kwa sababu kila mmoja aliogopa kufanana naye peke yake!"

"Suruali ni ya kuazima!"

Hilo la mwisho liliniuma. Ni kwa sababu lilikuwa kweli.

Nilinyamaza kama nilivyoagizwa. Kuna mama mmoja alirudia la masikio mara tatu, naona lilikuwa limemkaa vizuri mdomoni. Walipochoka, Rosebella akauondoa ufagio, akanipokea mikate, akaniita mwanangu.

Mzee Ogola alikuwa ameketi kwenye kochi, amevaa koti la kanisani. Ni mzee wa kanisa na fundi wa vitanda. Nusu ya Kianda hulala juu ya mbao zake. Alinipa mkono.

"Umevumilia vizuri, kijana."

"Asante, mzee."

"Sasa mama yao yuko wapi?"

"Mama ya nani?"

"Ya mapacha."

"Mzee, hakuna mapacha. Nilikuwa natangaza pombe."

Mzee Ogola alitazama mlango, akanitazama mimi. "Umesimama hapo nje ukaimbiwa nyimbo za baba mapacha, mwanzo mpaka mwisho. Mtu ambaye si baba mapacha angekubali kuambiwa masikio yake yanaezeka choo?"

 Nilikuwa nimekiri bila kufungua mdomo, na mashahidi walikuwa ploti nzima, wengine bado wana mapovu ya sabuni mikononi.

"Binti yangu haji kuwa mke wa pili," akaendelea. "Na kama hakuna mke wa kwanza, basi wewe ni mtu anayesimama sokoni na kudanganya watu juu ya mambo ya kitanda. Mimi nile nini na mtu kama huyo?"

"Niambie nifanye nini ndiyo uniamini."

"Mdomo wako siuamini tena. Niletee karatasi ya serikali, yenye muhuri, iseme lile bango ni uongo. Karatasi ikisema, mimi nasema amina, na mambo ya mahari tunaongea siku hiyo hiyo. Ijumaa ikifika kama huna, usirudi hapa."

Adhis alinisindikiza hadi kwa geti. Hakunishika mkono.

"Timo, hiyo karatasi uilete."

"Nitajaribu."

"Sijasema ujaribu."

Nikampigia Sella aje na watoto wake aeleze ukweli. Mteja hapatikani. Alikuwa amepanda basi la Butere tangu Ijumaa, kukaa mwezi mzima kijijini ambako simu haishiki.

Jumatatu nikaenda kwa Lazarus, duka lake la Kawangware. Nilimkuta na barua kutoka ile ofisi ya serikali inayochunguza matangazo ya pombe. Maneno yote kuhusu nguvu za kiume, figo na mgongo, ama yathibitishwe au yafutwe. Nilidhani nitamkuta analia. Nilimkuta juu ya pikapu, ameshika maikrofoni, anakohoa.

"Shivachi! Panda! Nimepata dawa ya hii barua. Wamesema tusiseme. Hawajasema tusikohoe."

"Nini?"

"Sikiliza. Fahali Tonik! Kinywaji cha mwanaume anayetaka," akakohoa mara mbili, "usiku kucha! Hapo kuna neno? Hakuna. Nani atashtaki kikohozi?"

"Lazarus, mimi nimekuja kuacha kazi."

"Acha baada ya kujaribu."

Mungu anisamehe, nilijaribu. Mdomo ni ugonjwa. Nilisema, "Fahali! Mama atashangaa baba ame," nikakohoa kikohozi kirefu chenye kona, "mpaka jogoo awike!" Watu wa kinyozi walitoka na povu mashavuni. Msee mmoja akauliza, "Buda, hiyo ya kikohozi kirefu ni pesa ngapi?" Chupa ishirini ziliisha hapo hapo. Maneno hayakuwahi kuuza hivyo.

"Unaona?" Lazarus alisema. "Serikali imetusaidia."

"Teremsha lile bango la Kibera. Nitampoteza Adhis."

"Nikiteremsha, nimekubali ni uongo. Na si uongo. Nina ushuhuda wako, umetia sahihi."

Akatoa fomu. Kweli ilikuwa sahihi yangu. *Mimi, Timothy Shivachi, nilikuwa sijiwezi kwa miaka mitatu.* Siku ile nilidhani natia sahihi ya chakula cha mchana. Kwani nani husoma fomu akiwa na njaa?

"Alhamisi wenye barua wanatusikiliza huko Ayany, Kibera," Lazarus akasema. "Vaa vizuri. Simama, sema ni kweli, tumalize."

Moyoni nikasema, Alhamisi ndiyo siku yangu. Nitasimama, niseme ni uongo, nigongewe muhuri. Nikamtumia Adhis ujumbe amlete mzee asikie kwa masikio yake.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi mdogo wa kukodi, viti vya plastiki, meza moja. Nyuma ya meza alikuwa afisa aitwaye Marion, mama mpole mwenye miwani na sauti ya mwalimu wa hesabu. Kando ya mkono wake kulikuwa na muhuri. Niliutazama ule muhuri kama mtu mwingine anavyotazama nyama.

Mzee Ogola na Adhis waliketi nyuma. Lazarus aliketi mbele, amevaa tai ya Fahali.

"Bwana Lazarus," Marion alianza. "Hapa mmeandika, hurudisha heshima ya chumbani. Hiyo heshima mliipima kwa nini?"

"Kwa uso wa mama asubuhi, madam."

"Nyuso ngapi?"

"Madam?"

"Nauliza mlichunguza nyuso ngapi."

Lazarus akafikiri. "Mtaa wetu wanacheka sana."

Marion aliandika. "Na hapa, husafisha figo. Kuna mtu aliziona zikiwa safi?"

"Madam, figo ni kitu cha ndani. Unaamini tu."

"Kwa hivyo mlichonacho ni ushuhuda wa huyu kijana peke yake."

"Na unatosha! Shivachi, simama."

Nikasimama. Nikasema yote. Kwamba sina mke, mapacha ni wa kuazima, na ile sahihi niliweka nikidhani ni ya pilau. Mzee Ogola alikuwa akitikisa kichwa polepole, kichwa cha mtu anayeanza kulainika. Adhis alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Anaogopa mkwe, madam!" Lazarus akaruka. "Yule pale nyuma! Mtu huyu alikuja kwangu amelegea kama ndizi ya juzi, nikamsaidia, leo ananigeuka!"

Marion alinyamazisha ukumbi kwa kalamu. "Bwana Shivachi, uliyetia sahihi unaweza kuifuta. Lakini lazima nionyeshwe uongo uko wapi. Unasema ulikuwa mzima tangu mwanzo. Nani anaweza kuthibitisha?"

"Nipelekwe kwa daktari."

"Daktari atasema ulivyo leo. Na leo umeshakunywa. Bwana Lazarus atasema ni Fahali."

"Ni Fahali," Lazarus akasema.

"Nahitaji mtu aliyekujua kabla ya hiyo chupa." Marion akashusha miwani kidogo. "Aliyekujua vizuri."

 Kule nyuma nikasikia kiti cha plastiki kikilia. Adhis alikuwa anaanza kusimama.

Sasa elewa shida yangu. Kando yake ameketi babake, mzee wa kanisa, mtu anayeamini kwamba mimi na binti yake tumewahi kusalimiana kwa mkono, tena mkono mmoja. Adhis akifungua mdomo, nitapata muhuri, lakini yeye atalala nje leo na jina lake litaimbwa Kianda kuliko masikio yangu.

Akili yangu, ambayo kwenye mtihani wa kidato cha nne ilikataa kabisa kuja, ikaja.

"Madam!" nikapaza sauti. "Sina shahidi. Na nimekumbuka vizuri. Nilikuwa gogo kweli."

Lazarus akapiga makofi.

"Na bado ni gogo."

Makofi yakakwama hewani.

"Nilikunywa Fahali chupa kumi na moja," nikasema, na nikaona mambo yakijipanga yenyewe, tamu kweli. "Sikupata kitu ila kiungulia. Hadi leo, hapa niliposimama, kimya. Kwa hivyo mke hakurudi, mapacha hawakuzaliwa, na tonik haifanyi kazi. Bango ni uongo."

Adhis akaketi. Mdomo wake ulikuwa wazi.

Marion alivua miwani kabisa. "Bwana Shivachi, wanaume wamenidanganya kwenye meza hii kuhusu jambo hili miaka mingi, na wote hudanganya kuelekea upande mmoja. Hakuna aliyewahi kudanganya kuelekea upande wako. Nakuamini."

Akaandika. Akaushika muhuri. Twaa!

"Mabango yote mawili yateremshwe leo. Na bwana Lazarus, hata kikohozi nimekisikia. Kikohozi nacho ni tangazo."

Lazarus alitoa simu, akawaambia vijana wake wapande washushe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa habari za msiba.

Mimi nilitembea kwenda nyuma ya ukumbi nikiwa na karatasi yangu mikononi, nikiwa bwana harusi tayari. Nikampa mzee Ogola. Alitoa miwani, akasoma kwa midomo.

"Hana mke."

"Ndiyo, mzee."

"Hana mapacha."

"Ndiyo, mzee!"

"Na..." Kidole chake kikafika mstari wa tatu. Kikakaa hapo.

Mstari wa tatu sikuwa nimeufikiria. Nilikuwa nimefikiria muhuri tu.

Mzee Ogola alikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Niliona machozi. Alikuwa ananihurumia.

"Kijana, umesema jambo ambalo wanaume hufa nalo. Nakuheshimu. Jina lako nitalipeleka kwenye maombi kila Jumapili."

"Maombi ya siri, mzee?"

"Lakini Adhis sitakupa. Hata ungekuwa malaika. Mimi nataka wajukuu."

"Baba," Adhis akasema.

"Usilie, mama. Mungu ataleta mwingine."

"Silii. Hao wajukuu unaotaka, mmoja yuko njiani. Miezi mitatu."

Naapa sikujua. Nilisikia habari hiyo wakati mmoja na viti vya ukumbini. Goti langu la kushoto likataka kupiga vigelegele, la kulia likataka kukimbia.

Mzee Ogola hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akausoma tena ule mstari kana kwamba huenda umebadilika.

"Nilisema karatasi ya serikali nitaiamini," alisema taratibu. "Serikali inasema si huyu. Haya, Adhis. Ni wa nani?"

 Adhis alinigeukia mimi.

"Sema, Timo. Wewe si ndiye mwenye mdomo?"

Kabla sijameza mate, Lazarus alikuwa amefufuka. "Amepona! Madam, amepona! Chupa kumi na moja, miezi mitatu! Andika, madam, andika!"

"Keti!" Marion alimwambia. Kisha akaniangalia, na nikaona kwamba pole yake ilikuwa ya kweli. "Bwana Shivachi, nisikilize kabla hujajibu. Ukisema huyo mtoto ni wako, maelezo uliyonipa sasa hivi yamekufa, na hiyo karatasi naichana. Itabaki ile sahihi yako ya kwanza, maana umeshabadilisha maneno mara mbili, na mama wa mtoto wako hawezi kuwa shahidi wako. Mabango yatarudi mpaka nipate nafasi ya kuwasikiliza upya, labda mwezi wa nane. Na mpaka hapo, kwa maandishi, una mke na mapacha. Ukinyamaza, karatasi inabaki na muhuri wake."

Nikinyamaza, niko huru. Bango chini, hakuna mke, hakuna mapacha, hakuna Lazarus. Na Adhis atatembea Kianda na tumbo ambalo serikali imeapa si langu.

Alikuwa bado ananitazama. Hakuwa ananiomba. Alikuwa anangoja aone ataolewa na mtu wa aina gani, ama hataolewa.

"Ni wangu," nikasema.

"Sema vizuri," mzee Ogola akasema.

"Mtoto ni wangu. Mimi ni mzima. Sijawahi kuwa gogo hata siku moja. Hata mwaka jana, kabla ya Fahali, nilikuwa mzima, mzee, na nisamehe kwa huo uzima."

Marion akanyoosha mkono. Mzee Ogola aliishika ile karatasi kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaiachilia. Marion akaichana mara mbili, kwa heshima, vipande akaviweka chini ya muhuri.

Adhis akafumba macho, akapumua.

Mzee Ogola akafunga vifungo vya koti lake, kimoja, cha pili, cha tatu, akaanza kuja kwangu kati ya viti, bila haraka, uso wake ukiwa hausomeki. Na nyuma yake, wazi kabisa, nikasikia Lazarus akipiga kelele kwenye simu:

"Panda tena! Lirudishe lile la Kibera! Na fundi wa mabango mwambie aache nafasi hapo kando, kuna mtoto wa tatu!"